Soketi ya Cherehani

Tik.

Sauti ilitoka sebuleni, gizani. Faustina akafumbua macho. Umeme ulikuwa umekatika usiku, sasa umerudi. Iliyolia ni gadi ya friji, lile boksi dogo linalozuia umeme mbaya usiunguze vyombo. Umeme ukirudi, gadi husubiri kwanza. Ikiridhika, inalia tik na kuuruhusu upite.

Alishuka kitandani taratibu asimwamshe binti yake, Anjela. Akapiga magoti kwenye kona ya chumba. Adapta ya intaneti ilikuwa pale kwenye soketi. Taa yake ilikuwa nyekundu, kama jana, kama juzi.

"Na leo ndiyo Alhamisi," alijisemea. Usingizi haukurudi tena.

Nyumba yao iko Kihesa, mjini Iringa. Kwa nyuma imeegemea jiwe kubwa. Mbele, dirishani, mtandao unashika vizuri. Ndiyo maana ruta imewekwa sebuleni. Lakini kuta za matofali ya kuchoma ni nene, na waifai haifiki chumba cha nyuma. Simu nayo huko haishiki kitu.

Nkuba, mume wa Faustina, alikuwa Madibira kwenye mavuno ya mpunga. Kabla hajaondoka alinunua adapta mbili. Moja huchomekwa karibu na ruta na kuunganishwa nayo kwa waya mfupi. Ya pili huchomekwa chumba cha mbali. Intaneti husafiri kati yake kwa kupitia nyaya zilezile za umeme zilizomo ukutani. Ikifika chumbani, adapta ya pili inatoa waifai yake. Ndivyo alivyoeleza muuzaji: taa ya kijani, zimeungana vizuri; njano, kwa shida; nyekundu, hakuna kitu.

Kwa nini wasikae tu sebuleni? Kwa sababu ya Anjela. Alizaliwa na kaakaa lililopasuka. Alifanyiwa upasuaji, akapona vizuri, lakini herufi k haikutoka mdomoni. Kila Alhamisi saa kumi alasiri, Mwalimu Edmund wa hospitali moja jijini Mbeya humfundisha matamshi kwa video. Sebule ni mahali pa kazi pa Bibi Mbuke, mama yake Nkuba, ambaye ni fundi cherehani. Wateja wanaingia na kutoka. Siku moja mama mmoja mnene alimwiga mtoto anavyosema, wenzake wakacheka. Tangu hapo Anjela hufumba mdomo kila mgeni akikanyaga kizingiti.

Wiki iliyopita walijaribu mlangoni mwa chumba, video ikakatika tena. Mwalimu Edmund akapiga simu ya kawaida.

"Mama Anjela, nakuonea huruma. Lakini watoto kwenye foleni ni wengi. Alhamisi ikikatika tena, itabidi nafasi yake nimpe mwingine. Ninyi mtasubiri mpaka mwakani."

Mwakani! Na Januari Anjela anaanza darasa la kwanza. Atajibuje akiitwa na mwalimu mbele ya darasa zima?

Kulipokucha Faustina hakutulia. Alifagia uwanja ambao alikuwa ameshaufagia. Aliichomoa adapta, akaichomeka. Nyekundu. Akaichomoa tena.

"Mkamwana, utaing'oa hiyo soketi," alisema Bibi Mbuke. "Kaa unywe chai."

"Chai haipiti, Mama."

"Mimi nilimwambia Nkuba. Intaneti kwenye waya wa umeme! Kesho atatuletea maji kwenye waya wa simu."

Mlangoni pakasikika salamu ya Kihehe. "Kamwene!"

Alikuwa Violet, jirani yao, fundi umeme. Alikuja kujaribu gauni lake la kwaya.

"Halijaisha, usinisumbue," alisema Bibi Mbuke.

"Sijaja kusumbua, Bibi. Nimekuja kuhakikisha hujaliuza." Violet alicheka, kisha akamtazama Faustina. "Na wewe, macho mekundu hivyo, nani kakuliza?"

"Taa," alisema Faustina. Akamweleza yote.

Violet aliweka mkoba chini. "Kwanza tujue kama adapta zenyewe ni nzima. Lete zote mbili chumba kimoja."

Walizichomeka ubavu kwa ubavu kwenye soketi ya ukutani chumbani.

"Bonyeza kitufe hiki cha kuunganisha. Haya, sasa cha hii nyingine, usikawie. Subiri."

Taa zilipepesa. Kisha zote mbili zikawa za kijani.

"Kijani!" Faustina aliruka.

"Usishangilie bado, dada. Tumejua ni nzima. Basi tatizo liko njiani. Mita ya LUKU ya huku na ya sebuleni ni moja?"

"Ni moja."

"Mimi nilidhani hiki chumba kina mita yake. Zingekuwa mbili, tungehangaika bure, kwa sababu nyaya zisingekuwa za njia moja." Violet alijikuna kichwa. "Umeme ukikatika ukarudi, ile adapta ya sebuleni inawaka papo hapo?"

Faustina akaikumbuka alfajiri. "Hapana. Mpaka gadi ilie tik."

"Ehee! Twende tukaione hiyo gadi."

Sebuleni kulikuwa na soketi moja ya matundu mawili. Tundu moja lilikuwa na gadi. Kwenye gadi kulining'inia ekstensheni, na kwenye ekstensheni vyote: friji, televisheni, ruta, adapta. Tundu la pili lilikuwa na cherehani.

"Ni mimi niliyeiweka adapta hapo," alisema Faustina. "Umeme ulishatuunguzia televisheni. Nikasema hii niilinde."

"Wengi tunafanya hivyo. Kitu kipya tu, nyuma ya gadi. Sasa sikia. Gadi nyingi zina kichujio ndani, na ekstensheni nyingine pia. Kazi yake ni kuzuia chochote kisicho umeme safi. Intaneti yako inasafiri juu ya umeme. Kichujio kinaiona takataka, kinaizuia. Ruta ibaki kwenye gadi, haina neno. Lakini adapta, zote mbili, zinataka soketi ya ukutani moja kwa moja."

Cherehani ikanyamaza. "Ukuta upi?" aliuliza Bibi Mbuke. "Tundu hilo ni la cherehani yangu."

"Mama..."

"Kwaya nzima inaningoja! Jumapili wanaimba. Nishone kwa meno?"

Faustina hakuwa na desturi ya kumbishia mama mkwe wake. Alitazama saa ukutani. Alitazama mlango wa chumbani. Anjela alisimama pale, midomo imebanwa, kwa sababu Violet ni mgeni.

"Mama, leo ndiyo mwisho," alisema Faustina. "Mjukuu wako akikosa leo, ataingia shule hivyohivyo. Naliomba hilo tundu."

Bibi Mbuke alimtazama mtoto.

"Bibi, sikunyang'anyi," Violet aliingilia. "Mnabadilishana. Cherehani iende kwenye gadi. Mota yake inatia fujo kwenye nyaya, na fujo hiyo inaivuruga adapta. Ikikaa nyuma ya gadi, kichujio kitaizuia."

"Yaani cherehani yangu ndiyo ilindwe?"

"Ndiyo."

"Sasa si mngeanza hapo!"

Violet alisoma kwanza maandishi ya gadi, kuona kama inaweza kubeba mzigo huo. Inaweza. Wakabadilisha.

"Na radi je?" aliuliza Bibi. "Hiyo adapta sasa iko uchi."

"Mawingu yakikusanyika, ichomoeni. Radi ikipita na umeme ukitulia, irudisheni."

"Kazi hiyo niachieni mimi. Sisi wa Usangu tunaijua mvua ikiwa bado mbali."

Faustina alikimbilia chumbani. Taa ilikuwa ya njano.

"Hapo pembeni umechomeka nini?" Violet aliuliza.

"Chaja ya simu. Niliirudisha tulipoondoa ile adapta nyingine."

"Chaja nazo zina fujo. Itoe, kachajie kwingine."

Aliitoa. Njano ikapepesa. Kijani.

Saa kumi ilipofika, uso wa Mwalimu Edmund ulitokea kwenye simu. Haukuganda.

"Anjela, leo nakuona vizuri! Sehemu ya nyuma ya ulimi ipande juu. Sema: ka."

"Aa."

"Tena."

Ghafla sebuleni cherehani ikaanza kunguruma. Faustina alibana pumzi. Hakumtazama mwalimu, hakumtazama mtoto. Aliitazama taa tu. Kijani. Bado kijani.

"...Ka," alisema Anjela, kwa sauti ndogo sana.

"Nimekusikia!" mwalimu alipiga makofi. "Mama Anjela, tuonane Alhamisi ijayo."

Ndipo Faustina akapumua.

Alhamisi zikafuatana. Mvua zilianza, na Bibi Mbuke akawa mlinzi wa mawingu. Wingu jeusi likitokea tu, adapta iko mkononi mwake. Mvua ikipita, anairudisha ukutani mwenyewe na kuuliza kwa sauti, "Huko nyuma, kijani?"

Siku moja yule mama mnene alikuja kuchukua nguo yake. Anjela alikuwa sakafuni akiokota vipande vya vitambaa. Faustina akashtuka, akataka kumwita mtoto ndani. Anjela hakukimbia. Aliinuka, akasukuma kiti mbele ya mgeni, akamtazama usoni.

"Karibu, kaa kwenye kiti."