Kuachwa Si Ugonjwa

Kelele za kibanda cha magazeti zilisikika tangu ng'ambo ya barabara. Dirisha la usajili lilikuwa limefunguliwa wiki nzima, wapinzani wanabeba wachezaji huru kila kukicha, na timu ya mashabiki waliokusanyika hapo haijasajili hata mmoja.

"Viongozi wamelala!" alifoka muuza magazeti. "Mshambuliaji yule mkataba umekwisha, yuko huru, sisi tunamkodolea macho tu!"

"Hawajalala, wanapima," alijibu fundi umeme, mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya buluu. "Timu yake imemwacha, na umri unakwenda. Tujiulize kwanza kwa nini ameachwa."

"Kuachwa si ugonjwa."

Wote waligeuka. Aliyesema alikuwa mwanamke wa shati la kijani lililonyooka kwa pasi, nywele kazifunga kwa kitambaa cheupe. Alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali ya jirani.

"Goti lake limepona," aliendelea. "Mtazameni anavyogeuka na mpira. Mchukueni kabla hamjajuta."

"Dada, wewe ni shabiki au wakala wake?"

"Shabiki. Tangu wewe ukivaa kaptula."

Kibanda kililipuka kwa vicheko. Mwanamke alipoondoka, fundi alimkimbilia hadi kwenye kivuko cha barabara, akaomba namba ya simu kwa kisingizio cha goti lake mwenyewe, ambalo halijawahi kumuuma.

Kwa miezi miwili simu haikupoa.

"Daktari wangu, umekula?"

"Mimi si daktari. Nimekula. Wewe je, mwoga wangu?"

Alimwita mwoga kwa utani, maana fundi alipima kila waya mara mbili na kila neno mara tatu. Mwanamke alimweleza mapema kwamba aliwahi kuolewa na kwamba mumewe ndiye aliyeondoka. Fundi alimshika mkono. Lakini hakusema lini angempeleka kwa mama yake.

Mchana mmoja mwanamke alimpelekea chakula kwenye duka ambalo fundi alikuwa akilifungia nyaya. Akamkuta juu ya ngazi, mgongo mlangoni, simu begani.

"Kaka, tusikurupuke," fundi alikuwa akisema. "Ameachwa, na umri wenyewe ndio huo. Unajuaje hatatusumbua? Mimi nasema tusubiri."

Bakuli aliliweka chini, akaondoka bila kishindo.

Jioni fundi alipiga simu mara kumi na moja. Haikupokelewa. Alisoma upya ujumbe wote waliotumiana akitafuta kosa lake, hakuliona. Siku ya nne alikwenda hospitali, akachukua namba, akakaa kwenye foleni kati ya mama mwenye magongo na mlinzi mwenye shingo iliyokaza.

"Unaumwa nini?" aliulizwa alipoingia. Macho ya mwanamke yalikuwa kwenye karatasi.

"Sijui. Niambie wewe."

"Nimeachwa, umri ndio huu, nitawasumbua. Si ulimwambia kaka yako?"

Fundi aliinuka kitini. "Yule? Ni mshambuliaji! Kaka anataka tumsajili, mimi nimekataa!"

Mwanamke alitaka kucheka, akajizuia. "Na mimi? Kaka yako hajawahi kukuuliza habari zangu?"

Fundi angeweza kudanganya. "Aliniuliza. Siku hiyo hiyo."

"Ukasemaje?"

"Nikasema... tusubiri."

Kalamu ya mwanamke ilitulia. "Tusubiri nini?"

"Hata sielewi, mpenzi. Waya naujua, nikiupima unanijibu. Wewe nilikupima kila siku, na kila siku jibu lilikuwa zuri, ndipo nikazidi kuogopa. Nilihofu nikikuomba utaniambia umeshachoka na ndoa." Akasogea mezani. "Jumapili mama yupo. Twende. Nataka kukuoa."

Mwanamke aliikunja karatasi. Kisha akaelekeza kalamu mlangoni. "Jumapili niko zamu. Tafadhali mwite mwenye magongo."

Fundi alitoka, akamwita mama wa watu, akakaa benchini. Alifukuzwa? Alikubaliwa? Aliligeuza jibu lile huku na huku, kichwa kizito. Watu watatu waliingia na kutoka, naye bado ameduwaa pale pale.

Simu ikaita; ni mwanamke, aliyekuwa akimchungulia mlangoni.

"Wewe, mbona bado umekaa?"

"Sijaelewa umesema nini."

"Nimesema Jumapili niko zamu. Jumamosi je, mama yako hayupo?"