Vidole Vinne Begani

Mambo haya sikusimuliwa na mtu. Yalitokea nyumbani kwetu, mchana kweupe, kwa dada yangu wa tumbo moja, na mengine niliyashika kwa mikono yangu hii. Mimi ni fundi fremu. Kazi yangu ni mbao, kioo na misumari, na zamani mtu akiniletea habari za mauzauza nilikuwa namwambia akanywe maji alale.

Asubuhi mambo yalipoanza ilikuwa ya kawaida tu. Mama anakunja nguo, mimi napiga randa uani, dada yuko mezani na mkasi wake. Alikuwa anatengeneza kolaji: picha anazozijenga kwa vipande vya karatasi, hiki cha jarida, hiki cha kalenda kuukuu, hiki cha mfuko wa saruji, anavipanga na kuvibandika mpaka vinakuwa mtaa, soko au nyumba. Alianza baada ya kumzika mwanawe. Homa ilimchukua mtoto ghafla, na dada akawa hasemi, hali, anakata karatasi tu. Tukamwacha akate. Baadaye majirani wakaanza kuuliza bei, nami nikaanza kumpigia fremu, na siku moja nikamsikia anasema "kesho nitafanya hivi," neno ambalo hakuwa nalo tangu msiba.

Mtoto tulimwita Chiriku, kwa jinsi alivyokuwa haishiwi maneno. Alibaki kwenye picha moja tu ya studio, iliyotundikwa sebuleni. Siku ya kupigwa picha hiyo aliogopa mwanga wa kamera, akalia asiachwe peke yake, ndipo mama akasimama nyuma yake na kumwekea mkono begani. Dada yuko pembeni, amemshika mama kiwiko. Mimi simo. Nilikuwa nje ya mlango, nagongelea fremu za watu.

Kulikuwa na mwenye ukumbi wa maonyesho tuliyemwita Miwani, kwa sababu alivaa moja machoni na nyingine kichwani. Asubuhi hiyo alikuja kuzitazama kazi za dada, akazigeuza moja moja bila haraka.

"Mikono unayo," alisema. "Lakini sura zote hizi ni fotokopi. Fotokopi inapauka. Mtu ananunua kazi leo, baadaye anabaki na karatasi ya bluu. Ukitaka kuishi kwa sanaa hii, weka kitu kinachodumu. Tena kiwe chako wewe."

Dada alikuwa na mwiko mmoja: picha halisi ya mtu haikatwi. Inatolewa kopi, inakatwa kopi. Mwiko huo aliuweka mwenyewe, kwa heshima tu. Siku ile aliniomba nimfungulie fremu ya sebuleni.

Nilimtazama akikata. Karatasi ya picha ina weupe ndani yake, na ukiikata wima weupe huo unachungulia pembeni na kuharibu kazi. Dada hulaza kisu, ili kipande anachokitoa kiwe safi na weupe wote ubaki kwenye karatasi inayoachwa, kama mstari mwembamba wa chaki. Alimzunguka Chiriku nywele, sikio, shati la shule. Alipofika begani akasita. Vidole vinne vya mama vilikuwa vimelala pale. Kuviacha kungemwondolea mtoto bega. Akakata kwenye mafundo ya vidole, na vidole vikaenda na Chiriku.

"Mama hatajali," alisema.

Akambandika mlangoni pa nyumba kubwa ya karatasi, akapaka vanishi. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, nzuri hadi inauma, na Miwani akaitundika ukumbini mwake mahali pa mbele kabisa. Mama aliomba picha ya zamani irudi ukutani, hata na tundu lake. Nikaigongea misumari upya, nikaziba mgongo wa fremu kwa karatasi ya gundi, nikatia sahihi yangu juu ya maungio, kama nifanyavyo kwa kila kazi.

Siku hiyohiyo mama alidondosha kikombe.

Vidole vyake vinne vya mkono wa kulia vilikuwa vya baridi. Gumba tu ndilo zima. Daktari alivichoma sindano, mama hakushtuka. "Ni mishipa," daktari akasema, akaandika dawa. Mama hakulalamika. Alikaa kwenye kiti chake chini ya ile picha, mkono ameutanguliza mbele, kwa kimo cha mtoto.

"Ananishika," alininong'oneza.

"Nani, mama?"

"Kiganja kidogo. Kina joto."

Nilicheka, kile kicheko cha kujikaza. Dada hakucheka. Alikuwa ameikazia macho picha ukutani: mama amesimama, mkono umenyooka kuelekea kwenye tundu, umeishia kwenye mafundo.

Alitoka na ndala za bafuni hadi ukumbini, nami nyuma yake. Kazi yake ilikuwa imewekewa kidoti chekundu pembeni, maana yake imeuzwa. Ndiyo kazi yake kubwa ya kwanza kuuzwa. Aliishusha mbele za watu.

"Unaniaibisha!" Miwani alimkemea kwa sauti ya chini. "Ukiitoa, hapa usikanyage tena."

"Sikanyagi," dada alisema, akaibeba kichwani hadi nyumbani.

Aliilaza mezani, akashika kisu. Gundi ilikuwa imeshika, vanishi imekauka. Kukwangua vidole ilikuwa ni kulirarua bega, pengine na shavu, na Chiriku mwingine hakuwepo popote. Nilimsikia anasema, "Nisamehe, mwanangu."

Mama aliingia. Mkono ulikuwa umeshakufa hadi kiganjani.

"Acha," alisema.

"Mama, anakuchukua."

"Hanichukui. Kashikilia tu. Umesahau alivyolia siku ile? Leo unataka nimtoe mkono begani?"

"Na mimi je?" Dada alilia kama mtoto mdogo. "Mimi unaniachia nani?"

Mama alimsogelea. Alimfuta machozi kwa mkono uliobaki. Kisu kikalala mezani.

Ubaridi ulipanda. Kiwiko. Bega. Mama alizidi kutabasamu, sisi tukazidi kukonda. Mchana mmoja nilikuwa uani napiga msasa, nikasikia sebuleni mtu anaongea. Haraka haraka. Maneno hayaishi. Sauti nyembamba. Nikaacha msasa. Mama akacheka. Kisha kimya. Nilipoingia, mama alikuwa kitini, mkono mbele, macho wazi. Alikuwa ameshakwenda.

Tulimzika. Watu walipotawanyika, dada alifunua ile kolaji aliyokuwa ameifunika kwa shuka. Hakupiga kelele. Aliniita tu, taratibu.

Mlangoni pa nyumba ya karatasi alisimama Chiriku. Nyuma yake alisimama mama. Mzima. Gauni lilelile la studio, mkono begani. Nikapitisha kidole juu yake. Vanishi ilikuwa laini, haina mkwaruzo.

"Angalau hayuko peke yake," dada alisema, akalaza uso mezani, na hapo tukalia kilio ambacho makaburini hatukukilia. Sioni haya kusema kwamba nilifarijika. Kwa muda mfupi, nilifarijika.

Kisha nikainua macho ukutani.

Nilishusha fremu nikatoka nayo uani. Misumari yangu ilikuwa mahali pake. Karatasi ya gundi haikuguswa. Sahihi yangu ilipita juu ya maungio, haijakatika popote. Nikafungua. Tundu lilikuwa kubwa sasa, la watu wawili. Chini, alipokuwa amesimama Chiriku, ule mstari mweupe wa kisu cha dada ulikuwepo. Kumzunguka mama haukuwepo. Nikageuza picha. Mstari ulikuwa nyuma. Mtu alikuwa amekata kutokea upande wa ukutani.

Dada amebaki peke yake pembeni mwa picha, mkono ameunyoosha kwenda kwenye kiwiko ambacho hakipo. Mkono wenyewe hauna vidole. Vimekwenda na mama.

Sikumwambia. Niliificha ile picha chini ya mbao zangu, nikamwambia kioo kimepasuka. Amerudi kwenye kazi. Anatengeneza nyumba nyingine, yenye ua na kamba ya kuanikia nguo. Leo asubuhi nilikuwa na randa mkononi, nikasikia mkasi umeanguka. Ukaokotwa. Ukaanguka tena.

"Ni baridi ya asubuhi tu," dada alisema kutoka ndani, kabla sijamuuliza.

Nikaweka randa chini. Nilikuwa naufikiria mlango wa ile studio, na mimi niliyebaki nje.