Siku Saba za Bwana Haraka

Mtaani walimwita Bwana Haraka, na jina lilimkaa sawasawa. Hata chai aliinywa wima. Mahindi yake aliyaanika siku saba, basi. Kiangazi siku saba, kipupwe siku saba.

Mwaka ule mvua zilichelewa kuisha, mavuno yakaangukia kipupwe, msimu wa baridi. Asubuhi ukungu, mchana mawingu. Jua lilichungulia tu. Siku ya saba akaleta magunia.

"Baba watoto, hayajakauka haya," mkewe alisema. "Tuyaache wiki nyingine."

"Wewe nawe. Nilianza kuanika kabla hujanijua."

Mke akashika gunia. Wakajaza magunia manane, wakayapanga chumbani.

Mwezi haukuisha, chumba kikaanza kunuka. Bwana Haraka alitia mkono guniani, akautoa mbio. Mahindi yalikuwa na joto, yamejaa kuvu ya kijani. Magunia sita yalikuwa hivyo.

"Tutayaosha," alisema kwa sauti ndogo.

Bahati nzuri mkewe alikwenda kwanza kumwita bibi shamba.

"Msiyale, wala msiwape kuku," bibi shamba aliwaambia. "Sumu ya kuvu haitoki kwa kuosha wala kwa kupika. Yafukieni."

"Lakini niliyaanika siku saba."

"Za jua lipi, kaka yangu? La kiangazi ni kali, na hewa ni kavu. La kipupwe halina nguvu, na hewa ina unyevu. Usihesabu siku. Pima mahindi."

Akachukua chupa kavu ya kioo. Akatia mahindi kutoka magunia mawili yaliyobaki, akaongeza chumvi kavu, akatikisa vizuri. Wakangoja dakika kumi na tano. Chumvi ikaganda kwenye kioo.

"Mnaona? Chumvi imenyonya unyevu, hata haya bado. Yarudisheni juani leo leo."

Magunia mawili hayalishi watu watano mwaka mzima. Binti yao mdogo, wa miaka mitatu, ikabidi apelekwe kwa shangazi yake, mbali. Bwana Haraka alimbeba mwenyewe. Njiani mtoto aliuliza kama watarudi jioni. Baba akamweka vizuri begani, akaendelea na safari. Alijuta mpaka chakula kikamshinda. Mkewe alikuwa amemwonya, naye akajitia kujua.

Mavuno yaliyofuata aliyaanika siku kumi na tisa. Aliyatandaza juu ya turubai, akayageuza, na kila jioni akayafunika. Akapima kwa chupa. Chumvi ilianguka yote chini, haikushika popote. Miezi mitatu baadaye wakafungua gunia. Mahindi yalikuwa makavu, hayana hata doa.

"Mwaka jana ulisema kweli," alimwambia mkewe.

"Nilisema. Sasa nenda kamlete mtoto."

Alipofika kwa dada yake, binti alimtazama, kisha akajificha nyuma ya shangazi.

"Mama," alimwambia shangazi, "mgeni amekuja."

Bwana Haraka alichuchumaa mlangoni, akangoja. Alasiri ndipo mtoto alipokubali kumshika kidole.