Pontiac Iliyofungiwa Milango Ziwani

Pontiac nyekundu ya mwaka 1968 ilitolewa ziwani Jumapili asubuhi, inachuruzika maji kama kuku aliyechovywa tayari kwa kunyonyolewa. Watu wa Tamarack wakavua kofia. Huku Michigan gari la namna ile likifa, ni msiba wa mji mzima.

Inspekta Raymond Wojcik hakuvua yake. Ana upara, na watu walikuwa wengi.

Akalizunguka gari. Vioo vyote vimepandishwa. Swichi ya kuwashia haikuchokonolewa. Akavuta mlango wa dereva. Umefungwa. Wa abiria nao umefungwa.

"Ungeiba gari ukalitupa ziwani," akamuuliza mpiga picha wa polisi, "ungelifunga milango?"

"Labda mwizi aliogopa samaki wasije wakaiba redio, afande."

Aliyeripoti wizi usiku uliopita ni Colton Heikkinen, kijana wa miaka kumi na tisa. Gari aliachiwa na marehemu babu yake. Kila kampuni ya bima ilimfukuza: umri ule mdogo na injini ile kubwa, hapana. Mwisho moja ikakubali, bima ya magari ya kale, kwa jina la bibi yake, Bi Irma. Sharti: Colton asishike usukani bila bibi kukaa kando. Gari likiibiwa, linalipwa lote. Akiliharibu akiwa peke yake, halilipwi hata tairi.

Basi ni pesa, Wojcik akajiambia. Alikosea, lakini tusimcheke mapema.

Alimkuta Colton jikoni kwa Bi Irma, pai za nyama zimepoa mezani, kijana anatazama viatu vyake.

"Ufunguo uko wapi?"

"Ninao mfukoni."

"Mwizi aliliwasha kwa kitu gani, kwa sala?"



"Niliendesha mimi!" Bi Irma akadakia. "Nililiegesha pale kwenye mteremko wa kushushia boti, nikaenda kunyoosha miguu. Likateleza. Mtoto alidanganya ili kunisitiri. Nifunge mimi, nimeshakula chumvi ya kutosha."

"Sawa, bibi. Ulipoegesha, ulifanya nini?"

"Kwani wewe huegeshi?"

"Langu linajibadilishia gia lenyewe. Naweka kwenye P, natoka."

"Pole, baba. Hili ni la gia za mkono. Unazima, unaacha gia ya kwanza imeingia, unakanyaga breki ya kuegeshea. Mimi hata nikilewa sisahau."

"Gia tumeikuta iko huru. Breki haikukanyagwa."

Ulimi wa Bi Irma ulikuwa tayari kwenda jela. Mkono wake ndio uliokataa kusingiziwa.

Wojcik akamgeukia kijana. "Aliyeliacha pale amezoea magari ya siku hizi. Alizima, akafunga milango vizuri kama mtu mwenye adabu, akaenda zake. Colton?"

Masikio ya Colton yakawa mekundu kuliko ile Pontiac.

"Nilikwenda kujifunza," akasema. "Peke yangu. Jumamosi ijayo kuna maandamano ya magari ya kale, mimi ndiye niliyepangwa mbele. Kila nikijaribu kuondoka pale kwenye mteremko, linaruka kama chura, linazima. Mara nikaona taa za gari la majirani zetu, kina Brandt. Sikutaka wanione. Nikafunga milango, nikajificha nyuma ya choo cha pale ufukweni. Wakapita. Kisha nikasikia maji."

"Si babu yako alikufundisha?"

"Aliniuliza pale hospitali kama najua gia za mkono. Nikasema najua. Ningesema sijui, gari angempa shangazi Marcy."

Bi Irma akakaa. "Colton! Lori la gia za mkono liko hapo uani. Ningekufundisha."

"Ungenicheka, bibi."

"Ningekucheka sana," Bi Irma akakubali. "Halafu ningekufundisha." Akageuzia uso ukutani, na mabega yake yakatikisika, na si kwa kicheko.

Wojcik akatoa kalamu. "Nahitaji sababu ya kutoa ripoti ya uongo."

"Andika nilitaka pesa za bima."

"Wewe! Huo ni ulaghai. Utafungwa."

"Andika hivyo hivyo."

"Na ukweli je?"

"Ukweli utasomwa mahakamani, afande. Shangazi atakuwepo. Kina Brandt watakuwepo. Afadhali niitwe mwizi."

Wojcik akaandika ukweli. Kisha, kama kazi inavyomtaka, akainua karatasi amsomee kabla hajatia sahihi. "Mimi, Colton Heikkinen, sikujua kuendesha gari la gia za—"

"Kwa sauti ya chini, afande, tafadhali. Majirani wako nje."

Inspekta akainuka, akafunga dirisha, ndipo akaanza upya, kwa kunong'ona.