Mapacha na Kadi Zao za Bima

Lorraine na Bernadine walikuwa mapacha, waliopishana dakika kumi na moja. Lorraine ndiye aliyetangulia, na hakumwacha mtu yeyote asahau hilo. Walisoma darasa moja. Walifanya kazi katika kiwanda kimoja cha karatasi, kando ya mto Wisconsin, katika jimbo la jina hilo huko Marekani, mashine zao zikitazamana. Wakastaafu siku moja.

Kila Jumanne walikuwa katika jiko la kanisa, chumba cha chini, wakitengeneza pierogi za kuuza, sambusa za Kipolandi za kuchemshwa. Lorraine alikata unga kwa mdomo wa glasi. Bernadine alijaza viazi na jibini, akabana kingo kwa vidole.

"Bana vizuri, mdogo wangu," alisema Lorraine. "Hiyo imefungwa kama gunia la vitunguu."

"Na wewe kata duara. Hilo ni yai."

Jumanne moja ilikuwa imebaki miezi miwili watimize miaka sitini na mitano. Huo ndio umri wa kuingia Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee. Kampuni binafsi nazo zilikuwa zinawafukuzia. Barua za rangi zilijaa masanduku yao. Simu ziliita hata wakati wa chakula.

"Nimeshatupatia bima," Lorraine alisema. "Ni ya kampuni. Meno wanalipia, miwani wanalipia, hata bwawa la kuogelea! Yule bwana wa simu anapiga tena kesho. Tunajibu ndiyo, sote wawili, tumemaliza."

Alikuwa na sababu. Meno yake ya upande wa kushoto yalikuwa yamekwisha. Miaka mitatu sasa alikuwa anatafuna upande mmoja.

Bernadine aliendelea kubana kingo. Moyo wake ulikuwa na tatizo la kudunda ovyo. Na kila baada ya Krismasi, yeye na mumewe Gordy walivuta nyumba yao ya magurudumu mpaka Arizona, jimbo la jangwa na joto, wakikimbia theluji, wasirudi mpaka Pasaka. Alijiuliza kama kadi ya bima hiyo ingemfaa huko. Lakini alikuwa hajawahi kumkatalia dada yake jambo kubwa.

Florence, mama aliyekuwa anachemsha pierogi, aligeuka na mwiko mkononi.

"Msikubali kitu kwenye simu, jamani! Nendeni kwa Yvonne, ofisi ya wazee ya kaunti. Yule hauzi bima, na hatozi hata senti. Kazi yake ni kueleza tu."

Alhamisi wakaenda. Bi Yvonne aliwakaribisha kahawa, akawatazama, akacheka.

"Mmekuja kuchukua bima moja, sivyo?"

"Moja," alisema Lorraine. "Ya meno."

"Sawa. Ila kwanza nawauliza maswali. Kila mtu ajibu lake. Madaktari wenu ni nani? Mnatumia dawa gani? Na mwaka mzima mnakaa wapi?"

Lorraine alijibu haraka. Daktari wake alikuwa pale pale mjini. Alimeza kidonge kimoja cha presha. Hakuwa msafiri, kwaya ya kanisa haikumpa nafasi.

Bernadine alijibu polepole. Daktari wa mji. Daktari wa moyo. Dawa nne. Na Arizona, miezi mitatu.

Bi Yvonne akachukua karatasi mbili.

"Njia ni mbili," alisema. "Ya kwanza ni bima ya serikali yenyewe. Unakwenda kwa daktari yeyote nchini, mradi anaipokea, na wengi wanaipokea. Kwa kawaida huhitaji kuomba ruhusa. Lakini hailipi yote. Sehemu inabaki kwako, na haina kikomo. Ndiyo maana wengi hununua bima ya nyongeza ya kuziba pengo hilo, na nyingine ya dawa. Kila mwezi unalipa zaidi. Na meno, kwa kawaida, hailipii."

"Hiyo si bima, ni chekeche," alisema Lorraine.

"Subiri, dada. Njia ya pili ni kampuni binafsi kukuhudumia badala ya serikali. Mara nyingi malipo ya mwezi ni madogo, na kuna kikomo cha fedha utakazotoa kwa mwaka. Nyingi zinachangia meno na miwani. Lakini zina orodha yao ya madaktari, hasa wa eneo lako. Matibabu mengine lazima kampuni iyakubali kwanza. Ukipatwa na dharura mbali, watalipa. Ila kliniki ya kawaida huko mbali, huenda wasilipe."

Bernadine aliweka kikombe chini. "Na nikijaribu ya kampuni, nisipoipenda nihame?"

"Swali zuri sana. Ukiingia tu kwenye bima ya serikali, una miezi sita ambayo kampuni za bima ya nyongeza haziwezi kukukataa kwa sababu ya ugonjwa. Na aliyeanza na kampuni binafsi akiwa na miaka sitini na mitano anaweza kurudi kwenye ya serikali na kununua nyongeza ndani ya mwaka wa kwanza. Baada ya hapo, watu wa bima ya nyongeza wanaweza kukuuliza habari za moyo wako. Na wanaweza kukukataa."

Halafu Bernadine akaanza kulia.

"Nini tena?" Lorraine alishtuka.

"Hatujawahi kuachana kwa jambo kubwa, Lori. Hata siku moja."

Lorraine alimtazama. Kisha akazivuta zile karatasi mbili, moja akamsogezea pacha wake.

"Wewe mtoto, nisikilize. Mimi nikikuburuta kwenye bima ya meno yangu, halafu moyo ukusumbue kule jangwani, nitaishije? Chukua ya serikali na nyongeza yake. Mimi nachukua ya kampuni. Tunaachana kadi, hatuachani undugu."

"Unaniamuru?"

"Mimi ni mkubwa wako!"

Hata Bi Yvonne alicheka mpaka akafuta macho. Kabla ya kujaza fomu, alihakikisha kwamba daktari wa Lorraine yumo kwenye orodha ya kampuni, na kwamba dawa zote nne za Bernadine zimo kwenye bima yake ya dawa.

Februari, moyo wa Bernadine ulianza kudunda ovyo huko Arizona. Gordy alimpeleka kwa bingwa wa moyo aliyekuwa hajawahi kumwona. Bernadine alionyesha kadi zake tatu, ya serikali, ya nyongeza na ya dawa, akapokelewa. Wiki iliyofuata alitibiwa, moyo ukatulia.

Alipompigia dada yake, hakusikia salamu. Alisikia *kru!*

"Lori? Nini hicho?"

"Karoti! Mbichi! Nimetafuna upande wa kushoto! Leo nimepata meno mapya, na kampuni imechangia."

"Na mimi daktari ameniruhusu kucheza dansi ya polka."

"Basi rudi upesi, kabla sijamaliza karoti zote za Wisconsin."

Pasaka walikuwa tena katika jiko la kanisa. Florence alikuwa na mgeni, mama mmoja aliyekaribia kustaafu, mkoba wake umejaa barua za rangi.

"Niambieni ukweli," alisema mama huyo. "Bima ipi ni bora?"

Mapacha wakatazamana, wakajibu kwa pamoja:

"Bora kwa nani?"

Wakamvutia kiti, wakaanza kumuuliza kuhusu madaktari wake.