Jiwe Jeusi la Longido

Asubuhi ile soko la mbele ya boma la Arusha lilikuwa limefurika watu wakati wapagazi wa Mjerumani mpima mawe walipofika kutoka Longido. Mmoja wao, Lekishon, kijana wa Kiarusha mwenye shuka jekundu lililofifia kwa vumbi, alijikwaa. Sanduku likapasuka, mawe yakamwagika juu ya kapu la ndizi za Tabea.

"Umekuja kununua au kupigana?" Tabea aliuliza. Alikuwa binti wa Kimeru, mbatizwa wa misheni, na gauni lake jeupe sasa lilikuwa na madoa ya ndizi.

"Ningejua muuzaji ni wewe, ningeanguka tangu safari iliyopita."

Tabea aliinamisha uso asionekane akicheka. Lekishon aliokota mawe harakaharaka, akajitwika mzigo. "Kilichobaki kapuni ni chako, mrembo," akatania, akaenda zake.

Nyumbani Tabea alikuta kapuni jiwe jeusi lenye punje nyekundu kama buni zilizoiva. Akaliweka chini ya mto wake. Mwarusha, tena asiyebatizwa. Baba yake, Mzee Kaanaeli, angesema nini? Hakujua afurahi au aogope.

Siku ya soko iliyofuata Lekishon alikuja mbio.

"Tabea, nirudishie jiwe la Bwana Mjerumani."

"La Bwana? Ulisema ni langu."

"Nilisema ndizi, mpenzi. Nilitania tu."

"Kwa hiyo hata hilo 'mpenzi' ni utani?"

Tabea alibeba kapu lake akaondoka. Alipofika nyumbani alilichukua lile jiwe, akaenda kulitupa katika mto Themi.

Kesho yake rafiki yake Nashipae alimletea habari. "Yule kijana wako amefungiwa bomani. Jiwe limepotea, atapigwa viboko."

"Si wangu," alisema Tabea, lakini tayari alikuwa anajifunga kanga kiunoni.

Alipapasa mtoni hadi vidole vikafa ganzi. Yakilowa maji, mawe yote yalikuwa meusi, na hakuna lililokuwa na punje nyekundu. Mwishowe alichukua moja, akaenda nalo kwa Mjerumani, akamweleza yote bila kuficha.

"Hili silo," Mjerumani alisema.

"Najua, Bwana. Lile nililitupa mimi. Kama ni viboko, ni vyangu."

Mjerumani alimtazama sana, kisha akaligeuzageuza lile jiwe la mtoni. "Hili limetoka Mlima Meru. Liliyeyuka kwa moto, likapoa. La Longido nilikwisha kusaga kipande chake na kukipima. Hebu nilipime na hili."

Akaagiza viboko vingoje.

Siku kadhaa baadaye aliwaita wote wawili. Chumba kilinuka tindikali.

"Chuma, chokaa, na madini ya magnesia," alisema. "Vipimo vya mawe haya vinakaribiana sana. La Longido nalo zamani lilikuwa jiwe la moto. Likazikwa chini kabisa, likabanwa, likapikwa tena. Sura ikawa nyingine, punje nyekundu zikaota ndani yake, lakini vitu vilivyomo ni karibu vilevile. Nisingegundua haya kama usingeniletea jiwe hili, binti. Kijana, uko huru. Kesho kutwa tunakwenda Upare."

Wakatoka nje.

"Umeelewa?" Tabea aliuliza.

"Nimeelewa kwamba sipigwi."

"Mimi nilikuwa nakuchukia, Lekishon. Halafu nikajikuta ndani ya maji."

"Pole, mpenzi."

"Unatania?"

"Safari hii sitanii."

Tabea alitazama barabara ya Moshi, ambako wapagazi walikuwa wakifunga mizigo. "Basi safari njema huko Upare."

"Nitamwambia mnyapara atafute mwingine."

"Kwa nini?"

"Hata sijui. Bwana alipoitaja Upare, nikakuona wewe sokoni na mimi sipo."

Dini ya baba yake, ng'ombe wa kina Lekishon, maneno ya majirani. Vyote vilimjia Tabea kwa pamoja na hakuona pa kuanzia.

"Sijakukubali," alisema hatimaye.

"Nimesikia."

"Lakini Jumapili baada ya ibada, njoo umwamkie baba. Oga kwanza. Na akikuuliza tulivyokutana, niachie mimi nijibu."