Sahihi ya Ukurasa wa Nne

Alhamisi, tarehe 7 Machi 1996, saa nne na robo asubuhi, suruali ya Cephas ilichanika katika soko la Migori. Msumari wa mkokoteni wa miwa uliipasua kutoka mfukoni hadi karibu na goti. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na tai nyekundu, na duka lililokuwa karibu zaidi lilikuwa la fundi cherehani.

“Vua,” fundi alisema bila kuinua macho.

“Hapa?”

“Nyuma ya pazia, bwana. Kuna leso imetundikwa kwa msumari. Huo wangu hauna hasira.”

Fundi aliitwa Bhoke, Mkuria wa Kehancha, mwenye umri wa miaka ishirini na saba. Alivaa gauni la kitenge cha manjano, futi ya kupimia shingoni. Alikuwa na cherehani sita, majora ya kitambaa cha sare za shule yaliyofika darini, na kuta za mbao. Nyuma ya ukuta mmoja alifanya kazi mchomelea vyuma. Cephas aliyaona yote hayo kwenye upenyo wa pazia, kwa sababu kuyaona ndiyo kazi iliyomtoa Homa Bay kila Alhamisi. Alikuwa wakala wa bima.

“Dada, duka hili lina bima ya moto?” aliuliza, amejifunga leso ya maua.

“Milka,” Bhoke alimwambia msaidizi wake, “mwanamume asiye na suruali anauliza kama mimi niko salama.”

Milka alicheka mpaka uzi ukakatika. Lakini Bhoke alisikiliza. Cheche za jirani zilikuwa zimeshatoboa jora moja. Alijibu maswali yote ya kurasa tatu za fomu. Ukurasa wa nne ulihitaji sahihi tu. Alishika kalamu, akamtazama, akaiweka chini.

“Nikisaini leo utarudi kufanya nini?”

“Nitakuletea bima yenyewe.”

“Halafu?”

“Halafu mwakani.”

“Mwakani ni mbali, Bwana Bima. Njoo Alhamisi.”

Katika mkoba wa Cephas kulikuwa na kijitabu cha karatasi za kijani. Hakukitoa.

Alhamisi ya pili Cephas alileta samaki wawili wa mbuta waliokaushwa, wamefungwa kwa gazeti. Bhoke alimpima mabega kwa ajili ya shati, akayapima mara tatu. Fomu ilirudi mkobani bila sahihi. Katikati ya wiki Bhoke alimpigia simu ofisini kutoka duka la dawa.

“Jaber,” Cephas alimwita. Ndivyo Wajaluo humwita mrembo.

“Usiniite hivyo, mwenye duka anasikia.”

“Basi nikuite mteja?”

“Mteja mkaidi. Shati lako limebaki kola.”

Alhamisi ya tatu walikula pamoja katika hoteli ya stendi. Cephas alisogeza sahani, akafungua ukurasa wa nne.

“Leo, mpenzi. Tafadhali.”

“Wiki ijayo. Nasaini, halafu unanipeleka kwa mama yako. Siku moja, mambo mawili.”

“Neno lako?”

“Neno langu.”

Jumatatu, tarehe 25 Machi, saa nane mchana, cheche zilipita kwenye ukuta wa mbao. Watu walileta maji kwa ndoo. Hakuna aliyeumia. Baada ya dakika arobaini kulibaki vyuma sita vya cherehani na mabati yaliyojikunja.

“Cephas, limeungua.” Nyuma ya sauti yake, kwenye simu, watu walikuwa wakipiga kelele.

“Umeumia?”

“Hapana. Njoo na fomu nisaini. Andika tarehe ya Alhamisi iliyopita.”

“Siwezi, mpenzi. Huo ni uongo.”

“Ni siku nne tu!”

“Ni uongo wa siku nne.”

Bhoke alikata simu. Kwa wiki nzima hakumpigia. Kisha akamwambia Milka kwamba Cephas alisema kweli, kwamba ni yeye Bhoke aliyeifanyia kalamu mchezo badala ya kusaini. Jumatano, tarehe 3 Aprili, alikwenda Homa Bay kuomba msamaha. Alibeba lile shati. Lilikuwa nyumbani kwake siku ya moto, ambako alikuwa akimalizia kola.

Cephas hakuwepo. Meneja wake, Nashon, mzee mpole, alimpa kiti na kufungua faili.

“Pole sana, mama. Wakala aliandika hapa: ‘Mteja aliombwa kusaini mara tatu, akakataa.’”

“Ameandika hivyo?”

“Si kweli?”

“Ni kweli.”

“Basi karatasi ya kijani iko wapi?”

“Karatasi gani?”

“Hati ya muda. Wakala huiandika siku ya kwanza, inakulinda siku thelathini, fomu inafuata baadaye.” Nashon aligeuza kurasa. “Hakukuambia?”

Bhoke alihesabu siku kutoka tarehe 7 Machi hadi siku ya moto: kumi na nane. Alichukua shati lake mezani, akashukuru, akatoka.

Cephas alimpata Alhamisi, tarehe 12 Septemba, kwenye baraza la kukodi huko Ndhiwa. Bhoke alikuwa na cherehani moja. Kitenge kilikuwa kilekile cha manjano, kimepauka.

“Ningekupa ile karatasi,” Cephas alisema, “ungeniambia nirudi baada ya mwezi. Nilitaka kukuona kila wiki. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.”

“Na ripoti?”

“Niliogopa kufukuzwa. Bhoke, wazee wangu wako tayari kufika Kehancha na ng’ombe. Niambie ndiyo.”

Bhoke alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

“Mkoba umekuja nao?”

“Ninao.”

“Cherehani hii nataka iwe na bima. Anza na ya kijani.”

Cephas aliandika ya kijani. Aliandika kurasa tatu. Bhoke alisaini wa nne kwa mkono mmoja, bila kukaa vizuri kitini.

“Tarehe ya leo umeandika?”

“Nimeandika. Na jibu langu, jaber?”

“Andika kwenye ripoti yako: mteja aliombwa mara moja, akakataa.”

Saa tisa na dakika kumi Cephas alipanda gari la Homa Bay. Bima ya cherehani moja ilifika Ndhiwa kwa posta Ijumaa, tarehe 27 Septemba. Bhoke alisaini kuipokea.